Jua la Asubuhi, Ukuta wa Magharibi na Usingizi wa Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam akilalamika kwamba usiku hapati usingizi, walio karibu naye huwa na majibu tayari: ana mawazo mengi, amekunywa chai ya rangi usiku, amelala chali ndiyo maana jinamizi limemkaba, au kuna mtu hamtakii mema. Ni nadra kumsikia mtu akimuuliza siku hiyo amekaa juani kwa muda gani, chumba chake kinatazama upande gani, na dirisha lake hufunguka kiasi gani. Mimi nimefikia kuamini kwamba maswali haya matatu ndiyo ya kuanza nayo. Uhusiano wa mazingira ya asili na usingizi siku hizi huzungumzwa kana kwamba ni habari ya watu wenye magari wanaokwenda kutembea msituni siku za mapumziko, ilhali kwa sisi tunaoishi pwani hii ni habari ya kila siku, ya mwanga, joto na kivuli.

Nianze na mwanga. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna vifundo viwili vidogo vya seli vinavyoendesha saa ya mwili. Saa hii ndiyo inayoamua lini joto la mwili lipande na lini lishuke, na lini tezi ya pineali ianze kumwaga homoni ya melatonini, ambayo huutaarifu mwili kwamba usiku umeingia. Kwa watu wengi mzunguko wake unazidi kidogo saa 24, hivyo ikiachwa peke yake huchelewa kidogo kila siku, na kinachoirudisha kwenye majira ni mwanga unaoingia machoni. Katika retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho, pamoja na seli tunazozitumia kuona, zimo seli nyingine chache zenye kemikali iitwayo melanopsini, ambazo kazi yake kubwa ni kupima wingi wa mwanga wa mazingira na kupeleka taarifa kwenye saa hiyo. Huitikia zaidi mwanga wa samawati, na anga la mchana limejaa mwanga huo. Utafiti wa namna saa kama hii inavyofanya kazi ndani ya seli, uliofanywa kwa inzi wa matunda, uliwapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young wa Marekani Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017.

Seli hizo haziridhiki kirahisi. Ofisi yenye taa nzuri huwa na mwanga wa laksi (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500, wakati mtu aliyekaa nje chini ya mti, asubuhi isiyo na mawingu, huwa katika mwanga wa maelfu ya laksi, na jua kali la mchana hukaribia laksi 100,000. Macho yetu hayatuonyeshi tofauti hiyo kwa sababu mboni na retina hujirekebisha haraka, na baada ya muda mfupi chumba cha ofisi kinaonekana cheupe pe. Saa ya mwili haidanganyiki hivyo.

Kwa upande wa jua sisi tumependelewa. Jiji hili liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Mwaka mzima jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili hivi asubuhi na kuzama saa kumi na mbili na ushei jioni, na giza letu halina mizunguko: watu wanaingia msikitini kwa sala ya magharibi anga likiwa jekundu, wanatoka taa za barabarani zimeshawaka. Hatuna zile siku za Ulaya ya kaskazini ambako watu hukaa miezi kadhaa katika utusitusi, wakashauriwa kununua taa maalumu za kukaa mbele yake asubuhi. Kama mwanga wa asili ndio unaoipanga saa ya usingizi, basi wakazi wa Dar es Salaam tulipaswa kuwa miongoni mwa watu wanaolala kwa mpangilio mzuri kuliko wote duniani.

Kinachotukosesha faida hiyo ni ratiba. Mfanyakazi anayeishi Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Bunju au Tabata, ninakoishi mimi, hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili kuikimbia foleni. Jua linachomoza akiwa amesimama ndani ya daladala, uso wake ukiwa umeelekea kwapa la abiria mwenzake. Anaingia ofisini, ambako mapazia yamefungwa ili kiyoyozi kisipate kazi ya ziada. Chakula cha mchana anakiagiza kiletwe mezani. Akitoka, jua linazama, na foleni ya kurudi inamfikisha nyumbani saa mbili usiku. Hapo ndipo maisha yake yanapoanza, chini ya taa nyeupe ya sebuleni, runinga ikiwa imewashwa na simu mkononi hadi saa sita. Kwa saa ya mwili, mchana wa mtu huyu ulikuwa hafifu na usiku wake ulikuwa na mwanga, na haishangazi kwamba saa hiyo inakosa pa kushika. Taa za kawaida za nyumbani zinatosha kuchelewesha melatonini, nasi tunazikalia kwa saa nne.

Mwaka 2013 Kenneth Wright wa Chuo Kikuu cha Colorado na wenzake walichapisha jaribio linaloonyesha jambo hili kwa uwazi. Waliwapima watu wazima 8 wakiwa katika maisha yao ya kawaida ya kazi, masomo na taa za umeme, kisha wakawapeleka milimani kupiga kambi kwa wiki moja wakati wa kiangazi, bila tochi wala simu, wakitegemea jua na moto wa kambi tu. Mwanga walioupata kwa siku uliongezeka zaidi ya mara nne, na saa zao za mwili zikasogea mapema kwa karibu saa 2, hata melatonini ikaanza kupanda karibu na machweo. Wale waliokuwa na tabia ya kuchelewa kulala, ambao kwa kawaida tunaambiwa wameumbwa hivyo, walisogea kuliko wengine. Watu wanane ni wachache, na sitaki kuubebesha utafiti huo mzigo usio wake. Lakini kuna jambo moja ndani yake ambalo husahaulika unaposimuliwa: muda wa kulala wenyewe haukubadilika sana. Kilichobadilika ni wakati.

Jambo hilo linajitokeza kwa nguvu zaidi hapa hapa nchini. Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, wengi wao bila umeme na wakilala katika vibanda vya nyasi, walivishwa vifaa vya kupimia usingizi mkononi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na kundi la Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na Wasan wa Kalahari na Watsimane wa Bolivia. Wengi wetu tungebashiri kwamba watu wanaoishi chini ya anga hulala jua likizama na kuamka likichomoza, wakipata saa tisa au kumi za usingizi mnono. Matokeo yalikuwa mengine kabisa. Kwa wastani walipata usingizi saa 3.3 baada ya machweo, waliamka mara nyingi kabla ya jua kuchomoza, na usingizi halisi ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, muda ambao hauzidi wa watu wengi wa mjini. Hata hivyo, ni wachache sana walioeleza kwamba wanasumbuliwa na kukosa usingizi.

Mambo mawili katika utafiti huo yanafaa kuangaliwa kwa makini na mtu wa Dar es Salaam. La kwanza ni kwamba watu hao walipata mwanga mwingi zaidi asubuhi, kwenye saa tatu hivi, na mchana jua lilipokuwa kali walikwenda kivulini. La pili ni kwamba usingizi wao ulifuata joto kuliko giza: walilala joto la usiku likiendelea kushuka, na wakaamka pale lilipofikia chini kabisa. Nao usingizi huo haukuwa mfululizo kama tunavyoudhania. Utafiti mwingine kwa Wahadzabe, ulioongozwa na David Samson na kuchapishwa mwaka 2017, ulifuatilia watu wazima 33 kwa siku 20 na ukakuta kwamba muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja haukuzidi dakika 18 kwa siku zote hizo. Daima kulikuwa na mtu aliyekuwa macho, anajigeuza, anachochea moto au ananyonyesha, jambo ambalo watafiti walilifasiri kuwa ni ulinzi wa kundi usiopangwa na mtu.

Kwa hiyo anayetafuta mazingira ya asili kama dawa ya kumpa saa nane za usingizi usiokatika, anatafuta kitu ambacho wanaoishi ndani ya mazingira hayo wenyewe hawanacho. Kinachopatikana ni usingizi unaokuja kwa wakati wake, ambao mtu halazimiki kupigana nao.

Kinyume cha hali hiyo nakiona kila asubuhi kwa mzee anayelinda duka la jumla mtaani kwetu. Nikipita alfajiri huwa anakunja koti lake, na mazungumzo yetu hayazidi salamu na maneno mawili matatu. Siku moja, baada ya shikamoo na marahaba, nilimuuliza mchana analala vipi. Akaniambia, "Kijana wangu, usingizi wa mchana haushibishi. Nalala tangu saa mbili mpaka saa nane, nikiamka ni kama sijalala." Nilimuuliza kama ni kelele za watoto, akakataa, watoto amewazoea. Alichokisema kuhusu shibe kinalingana na tunachokijua kuhusu walinzi, wauguzi na madereva wa usiku kokote duniani: wanajaribu kulala katika saa ambazo mwili unapandisha joto lake na melatonini imekatika, na kabla ya kufika kitandani wamekwisha kutembea kwenye jua la asubuhi ambalo limeiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza. Jua lile lile linalomfaa mfanyakazi wa mchana humharibia mlinzi, na ndiyo maana watu wa zamu za usiku hushauriwa kuvaa miwani ya giza njiani na kulitia giza dirisha la chumba.

Nije kwenye joto, ambalo kwa maoni yangu ndilo jambo kubwa zaidi katika jiji hili, ingawa maandishi mengi kuhusu usingizi, kwa kuwa yameandikwa kwenye nchi za baridi, hulitaja kwa sentensi moja na kusonga mbele. Ili mtu apate usingizi, joto la ndani ya mwili wake halina budi kushuka, kwa karibu nyuzi 1 usiku kucha, na mwili hulitoa kwa kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ya mikono na miguu. Hewa ikiwa ya moto na yenye unyevunyevu, kama ilivyo hapa kuanzia Desemba hadi Machi wakati wa kaskazi, joto hilo halina pa kwenda na jasho halikauki. Mtu huyo hulala kidogo, tena usingizi mzito na ule wa ndoto hupungua kwanza. Mwaka 2022 Kelton Minor na wenzake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za usingizi za watu zaidi ya 47,000 katika nchi 68, zilizokusanywa kwa bangili za kielektroniki. Kadiri usiku ulivyokuwa wa joto, watu walichelewa kulala na kuamka mapema, na athari ilikuwa kubwa zaidi kwa wazee, kwa wanawake na kwa wakazi wa nchi zenye kipato cha chini.

Chumba ninacholala kina ukuta mmoja unaotazama magharibi, wa matofali ya saruji, usio na mti wala upenu wa kuukinga. Mwezi wa Februari, saa nne usiku, nikiuwekea kiganja ukuta huo kwa ndani nausikia una moto, na nikiuwekea ule wa mashariki nausikia wa baridi, ilhali hewa ya chumba ni moja. Saruji imekunywa jua kuanzia saa nane mchana hadi machweo, na sasa inalirudisha taratibu, likinielekea mimi. Dirisha lenyewe ni la alumini na vioo vya kusukuma pembeni, kama yalivyo madirisha ya karibu nyumba zote zilizojengwa miaka ya karibuni, na dirisha la namna hii, hata ukilifungua lote, hufunguka nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kikae nyuma ya kingine. Nyumba za zamani za Kariakoo na Ilala zilikuwa na madirisha ya mbao ya mabawa mawili yaliyofunguka wazi, paa lenye upenu mrefu, baraza mbele na ua nyuma, na upepo ulipita toka mlangoni hadi uani. Sisi tumeona zile ni nyumba za kizamani, tukajijengea hizi, kisha tukanunua panga boi.

Panga boi lina msaada wake mpaka umeme ukatike. Hapo mtaa mzima hutoka na mikeka na kukaa barazani, na mazungumzo huendelea hadi nyumba zipoe kidogo saa saba au saa nane usiku. Kulala na dirisha wazi ni suala lingine, maana kuna mbu, na kuna vibaka wenye fimbo zenye ndoano wanaoweza kuivua suruali kwenye kiti kupitia nondo. Anayeshauri watu wa jiji hili wafungue madirisha walale na hewa ya asili aanze kwanza na wavu wa dirisha na chandarua, kwa sababu mbu anayeeneza malaria ni wa usiku, naye ni sehemu ya mazingira hayo hayo ya asili.

Hapa ndipo mti unapoingia, na thamani yake kubwa kwa usingizi, nijuavyo, ni kazi inayofanyika mchana wakati wenye nyumba hawapo. Mwembe au mwarobaini uliosimama upande wa magharibi huuzuia ukuta usinywe jua, na majani yake hutoa mvuke unaopoza hewa iliyo karibu, hivyo usiku ukiingia ukuta hauna cha kurudisha. Usiku wenyewe mti hausaidii kiasi hicho. Ukiwa na majani mengi na umekaribia mno dirisha unaweza hata kuukata upepo. Miashoki, ile miti mirefu myembamba ambayo watu huipanda kando ya ukuta wa uzio kwa sababu ya kupendeza, kivuli chake ni chembamba, na sioni kama inastahili sifa hizi.

Tafiti kubwa za kijani na usingizi zipo. Huko Australia, katika jimbo la New South Wales, data za watu 259,319 wenye umri wa miaka 45 na kuendelea zilionyesha mwaka 2013 kwamba waliozungukwa na maeneo mengi ya miti na bustani walikuwa na uwezekano mdogo wa kulala saa chache. Watafiti walijaribu kuondoa athari za kipato na mengineyo, lakini mimi nikiyasoma matokeo ya aina hiyo siachi kuwaza Oysterbay, mtaa wa wenye nazo, na Tandale, mtaa wa watu wa kipato cha chini. Oysterbay kuna miti na watu wanalala. Lakini pia kuna viwanja vikubwa, viyoyozi, jenereta la akiba, na hakuna baa inayopiga muziki hadi saa tisa usiku mita chache kutoka kitandani. Baa ya namna hiyo tunayo mtaani kwetu, na hakuna mti utakaoizima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40, kiwango ambacho spika moja ya mtaani hukivuka kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Wala viumbe vya asili si wapole wote. Kunguru wa Kihindi, waliofika Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi huku, huanza ugomvi wao kwenye miembe kabla hata ya adhana ya alfajiri. Mvua ya masika juu ya bati huwalaza wengi wetu usingizi wa pono, kwa kuwa inapoza paa na kumeza sauti nyingine zote, lakini kwa wanaoishi Jangwani na kwingineko bondeni mwa Mto Msimbazi sauti hiyo hiyo ni amri ya kuamka na kupandisha godoro juu ya meza. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande, na mvua kubwa zilizofuata bado ziliwakuta watu bondeni.

Kuna njia moja ya mwisho ya mazingira ya asili kugusa usingizi, ambayo sikuipa uzito hapo awali, nayo ni mawazo, yale yale ambayo majirani huyataja kwanza. Gregory Bratman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2015 kwamba watu waliotembea dakika 90 katika eneo la nyasi na miti walipunguza tabia ya kurudiarudia fikra za kujilaumu, tofauti na waliotembea kando ya barabara kubwa. Na Japani, watu 71 wenye malalamiko ya usingizi walipotembea msituni kwa saa mbili walilala vizuri zaidi usiku uliofuata, hasa waliotembea mchana kuliko asubuhi. Kupunga upepo pale Coco Beach jioni ya Jumapili, pamoja na msongamano wake na moshi wa mihogo, huenda kuna faida ya aina hii. Jua linakuwa limeshaelekea kuzama, lakini ada ya shule inasahaulika kwa saa mbili.

Mimi kwa upande wangu nimebadilisha mambo machache. Nikiwahi kufika mjini sipandi ofisini moja kwa moja; nakaa katika Bustani ya Mimea, ile ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribia mazao, nasoma gazeti chini ya miti mikubwa mpaka saa mbili kasoro, na mwanga unaonifikia pale unazidi mara nyingi ule wa mezani kwangu. Usiku sebuleni tunawasha taa moja ya njano. Usingizi hunijia mapema kuliko zamani, isipokuwa Februari, na Februari ina ukuta wake.

Kuhusu ukuta huo nimezungumza na mama mwenye nyumba. Wapangaji wa jiji hili hulipa kodi ya miezi sita au mwaka na kuhama, na si wengi wanaopanda mti utakaowakinga wengine, kwa hiyo alishangaa kidogo, kisha akauliza kuhusu mizizi na karo la choo, na kuhusu majani kuziba mfereji wa paa. Tumekubaliana mwarobaini mmoja, hatua kadhaa kutoka ukutani, mbali na karo, ambalo liko upande wa pili wa ua, na kwamba kumwagilia wakati wa kiangazi ni juu yangu na maji ni kwa bili yangu.